Farasi chipukizi watatu: yupi wa kuruka, yupi wa polo, yupi wa safari ndefu?

Mwezi uliopita mama mmoja wa Nairobi aliniomba niandamane naye hadi shamba moja upande wa Njoro. Binti yake ana miaka 14. Amejifunza kupanda kwa farasi wa kukodi kwa miaka minne, na sasa wakati wa kupata wake mwenyewe umewadia. Shambani kulikuwa na farasi watatu wa kuuzwa, wote wadogo kwa umri, na simu ya mama ilikuwa imejaa picha zao. Hatukuwa tumefika hata Naivasha aliponiambia, "Mwalimu, mimi nimeshampenda huyu wa kijivu."

"Mama," nikamjibu, "niambie kwanza atafanya kazi gani."

Naandika ulinganisho huu kwa sababu swali hilo linarukwa mara nyingi mno, na anayeumia ni farasi. Watu huchagua kwa rangi, kwa jina la ukoo, au kwa huruma. Mimi nimewatunza na kuwafunza farasi zaidi ya miaka ishirini, nikianza kama saisi wa kufagia mabanda, na ninachokiamini ni hiki: ukoo ni ahadi tu, mwili uliosimama mbele yako ndio ukweli. Farasi hao watatu walinithibitishia jambo hilo kwa siku moja.

Watatu wenyewe

Wa kwanza ni dume aliyehasiwa, miaka 4, hudhurungi mwenye singa nyeusi, wa ukoo wa Thoroughbred, farasi wa mbio. Amekimbia katika uwanja wa Ngong akaonekana hana kasi ya kutosha. Urefu wake sentimita 163, tukipima hadi kwenye kinundu cha mabega, maana farasi hapimwi kichwani. Nitamwita Mkimbiaji.

Wa pili ni jike mwekundu. Baba yake ni farasi wa mbio, mama yake chotara wa wale farasi wadogo wa Kisomali ambao, pamoja na wa Kihabeshi, walikuwa wakiletwa Kenya tangu mwanzo wa karne iliyopita. Sentimita 150. Nitamwita Chotara.

Wa tatu ndiye kipenzi cha mama: Mwarabu wa kijivu, dume aliyehasiwa, miaka 3 na nusu, sentimita 149. Uso umebonyea kidogo chini ya macho, mkia ameubeba juu kama bendera. Nikiri kwamba hata mimi nilisimama nikamtazama tu kwa dakika nzima. Uzuri wa Mwarabu si uongo.

Njoro si mahali pageni kwa kazi hii. Ndiko Beryl Markham alikokulia, kwenye mazizi ya baba yake Charles Clutterbuck aliyefunza farasi wa mbio, kabla hajawa mfunzaji mwenyewe na baadaye rubani. Hewa ni ya juu, ardhi ni pana, na farasi anayekulia kwenye miteremko ya huko hujifunza kuweka miguu yake vizuri mapema. Hilo nililihesabu kama pointi kwa wote watatu.

Meno kwanza, kisha mengine

Muuzaji alituambia Chotara ana miaka 4. Nikamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Meno mawili ya katikati yalikuwa ya kudumu, mapana, yenye rangi ya maziwa yaliyokaa. Yaliyofuata kila upande yalikuwa bado ya utotoni, madogo, meupe, na moja lilicheza nilipoligusa.

"Bwana, huyu hajafika minne," nikasema. "Ana mitatu na miezi."

Akaja kuchungulia mwenyewe, akashtuka kwa dhati. Alimnunua akiwa na mama yake na hakuandika tarehe. Meno hayadanganyi katika umri huu: jozi ya katikati hubadilika kama miaka 2 na nusu, jozi inayofuata miaka 3 na nusu, na ya pembeni miaka 4 na nusu. Baada ya hapo kusoma umri kunakuwa kazi ngumu zaidi, lakini kwa farasi chipukizi ni kama kusoma cheti cha kuzaliwa.

Kwa nini miezi michache iwe jambo kubwa? Kwa sababu mifupa ya farasi haikomai kwa wakati mmoja. Ile ya chini, karibu na kwato, hufunga mapema, mingine kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Sehemu ya juu ya goti hufunga karibu miaka 2 na nusu. Uti wa mgongo, huo unaobeba tandiko na mtu, huwa wa mwisho, na unapita miaka 5. Kwa hiyo "miaka 3" na "miaka 4" ni tofauti ya mazoezi ya mwaka mzima. Mkimbiaji alianza kazi akiwa na miaka 2, kama ilivyo desturi ya mbio. Chotara na yule wa kijivu hawajawahi kubeba mtu zaidi ya dakika chache. Katika hali kama hiyo, unanunua miguu iliyochoka kidogo lakini imeshafundishwa, au miguu mipya isiyojua kitu.

Pia umri huu unahadaa macho. Farasi hukua kwa vipindi: matako yanatangulia juu, mabega yanafuata baadaye, na kwa miezi kadhaa anaonekana kama ameinamia mbele. Chotara alikuwa katika kipindi hicho hasa. Matako yalimzidi mabega kwa karibu vidole viwili. Mtu asiyejua angemhukumu kuwa mzito wa mbele. Nilipima kwa kamba, njia ya zamani ya mazizini: kutoka ncha ya kiwiko hadi katikati ya kifundo cha mguu wa mbele, kisha kamba ileile nikaigeuza kwenda juu kuanzia kiwikoni. Inapoishia ndipo kinundu cha mabega kinapokadiriwa kufika akikomaa. Kwake ilizidi kidogo. Atapanda sentimita mbili au tatu, na mbele patanyanyuka. Kamba haisemi kila kitu, ila inakuzuia kumkataa farasi kwa kosa ambalo ni la muda tu.

Miguu ya mbele

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na nakushauri ufanye hivyo. Takribani asilimia 60 ya uzito wa farasi huwa juu ya miguu ya mbele, hata kabla hujampanda. Akitua baada ya kiunzi, mguu mmoja hupokea karibu kila kitu.

Msimamishe kwenye sakafu ngumu na tambarare, si kwenye nyasi, maana nyasi huficha kwato. Simama hatua kumi mbele yake. Uone mstari mmoja ukishuka kutoka ncha ya bega, katikati ya kigasha, katikati ya goti, katikati ya muundi, katikati ya kifundo, hadi katikati ya ukwato. Kisha nenda ubavuni uone mstari wa pili.

Mkimbiaji: kwa mbele, amenyooka vizuri. Kwa ubavuni, magoti yalikuwa mbele kidogo ya mstari. Wengi huogopa hilo, mimi siliogopi sana likiwa dogo. Farasi wengi wa mbio wamefanya kazi miaka mingi wakiwa hivyo. Ninachoogopa ni kinyume chake, goti lililorudi nyuma. Kila mguu unapotua, goti hilo husukumwa zaidi kule kule nyuma, mifupa midogo ya mbele ya goti hubanana, na hatimaye kipande hubanduka. Miaka mingi iliyopita nilimnunua dume mwenye bega zuri ajabu na goti la aina hiyo. Niliona, nikajiambia atanyooka. Msimu wa kwanza wa kuruka haukwisha kabla goti halijavimba. Nikampa mtu wa kumtembeza polepole shambani, na hadi leo nikiona goti hilo siendelei kutazama mengine.

Kwa Mkimbiaji nilipitisha vidole pia nyuma ya muundi, pole pole, kutoka goti hadi kifundo, miguu yote miwili kwa pamoja. Kano za farasi mzima huwa baridi, ngumu kama kamba iliyokazwa, na unaweza kuzitenganisha kwa kidole. Palipo na joto, uvimbe laini, au mpindo kama upinde, kano imewahi kuumia. Zake zilikuwa safi. Kwa farasi aliyetoka mbioni hiyo ni habari kubwa.

Chotara: amenyooka mbele na ubavuni. Mifupa yake ni minene kwa umbo lake. Mkanda wa kupimia, uliozungushwa kwenye muundi chini ya goti, ulisoma sentimita 18 na nusu, naye ana kilo kama 380. Kipimo kinachotumiwa sana ni sentimita 20 kwa farasi wa kilo 450, kwa hiyo yeye amezidi anachohitaji. Mkimbiaji, kilo 470, alisoma 20 kamili: amepungukiwa kidogo.

Wa kijivu: hapa moyo wa mama ulivunjika, na wangu kidogo. Muundi wa kulia haukutoka katikati ya goti. Ulitoka upande wa nje, kama mguu wa meza uliopigiliwa misumari pembeni, na ukwato umeelekea ndani. Ndani ya muundi, chini tu ya goti, nilipapasa kinundu kigumu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Hakikuuma. Lakini kilionyesha kwamba upande wa ndani tayari unabeba zaidi ya haki yake, na farasi huyu bado hajafanya kazi.

Maji kwenye saruji

Mbele ya mabanda kulikuwa na njia ya saruji, kavu, na jua lilikuwa limeiva. Nikamwomba kijana wa zizi amwage ndoo mbili za maji mwanzoni mwa njia, kisha atuletee farasi mmoja mmoja, wapite majini na kuendelea kwenye saruji kavu kwa mwendo wa kawaida, kamba ikiwa imelegea. Alama za kwato zikabaki chini kama muhuri.

Unachotafuta ni ukwato wa nyuma umetua wapi ukilinganisha na alama ya ukwato wa mbele wa upande uleule. Mkimbiaji: wa nyuma ulipita wa mbele kwa upana wa kiganja. Chotara: kwa karibu ukwato mzima. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikutarajia, bega lake likiwa halijalala sana. Jibu lilikuwa nyuma, kwenye matako mapana na kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma kilichopinda kwa kiasi tu, kinachosukuma mwili mbele bila kujivuta. Wa kijivu: wa nyuma ulitua palepale pa mbele, si vibaya, lakini alama ya mguu wa kulia wa mbele ilikuwa imezunguka. Unaona maji yamefagiwa kidogo kwa upande. Kila hatua ukwato ulitua kisha ukajisokota.

Binti alichuchumaa akaziangalia alama hizo hadi zikakauka. "Kwa hiyo kila siku anajisokota hivi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, na kwamba kwa matembezi haimdhuru sana, kwa kilomita nyingi au viunzi vingi itamdhuru.

Baada ya hapo tulitazama mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, kwenda na kurudi kwenye mstari ulionyooka, halafu tukawafungulia kwenye uwanja wapige shoti wenyewe. Matiti ndiyo yanayofichua kilema, kwa sababu miguu inapokezana kwa jozi. Farasi anayeumia mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu huo unapogusa chini. Hakuna aliyechechemea.

Mgongo, shingo, kwato: haraka

Bega la Mkimbiaji limelala vizuri, kinundu kimeingia mbali mgongoni, tandiko litakaa mahali pake. Kiuno chake ni kirefu kuliko ningependa, na hilo ni daraja linalopeleka nguvu ya nyuma hadi mbele. Kwa mazoezi ya vilima kitajaa misuli, urefu hautapungua. Chotara ana mgongo mfupi, kiuno kipana, shingo fupi iliyonenepa pale inapoungana na taya. Huyu akiambiwa akunje shingo, ainamishe uso, atapata shida ya nafasi tu, si ukaidi. Mgongo wa wa kijivu ni mfupi pia. Waarabu kadhaa wana mbavu na pingili za kiunoni pungufu kuliko farasi wengine, na wadogo hawa hubeba watu wazima bila kulalamika.

Kwato za Mkimbiaji ni bapa, kuta nyembamba, visigino vimeshuka. Atahitaji viatu na fundi mzuri kila baada ya wiki tano au sita, maisha yake yote. Weka gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujafurahia bei yake ya chini. Kwato za Chotara na za Mwarabu ni ngumu, zimekaza. Chotara hajawahi kuvaa kiatu, na nilipomwinua mguu kokoto ya murram ilianguka bila kuacha alama.

Sasa, kazi

*Kuruka viunzi.* Watu hutazama miguu ya nyuma, na ni kweli ndiyo injini. Lakini anayeangusha ubao mara nyingi ni wa mbele. Tazama mfupa kati ya ncha ya bega na kiwiko. Ukiwa mrefu na umesimama kiasi, goti linaweza kunyanyuliwa juu na mbele. Ukiwa mfupi na umelala, miguu inaning'inia. Mkimbiaji anao mzuri kuliko wote, na akipata mpandaji aliyekomaa anaweza kufika viunzi virefu ambavyo Chotara hataviona. Ila ana wasiwasi. Ndege aliporuka kwenye ua, alitetemeka ngozi nzima na akachukua dakika tano kutulia. Farasi aliyefunzwa kukimbia kwa nguvu zote akiona uwanja mbele yake anahitaji mwaka wa kufunzwa upya kwa subira, na mikono isiyovuta. Chotara aliporuka gogo lililokuwa uwanjani, kwa hiari yake, alikunja magoti sawasawa na akatua kimya. Kwa viunzi vya sentimita 80 hadi mita moja, ambavyo ndivyo binti anaruka, sioni kitakachomzuia.

*Polo.* Mkimbiaji ni mrefu mno. Mchezaji wa polo anataka farasi wa kama sentimita 150 hadi 157, ili gongo la kupigia mpira lifike chini na farasi ageuke papo hapo. Chotara ndiye hasa: mfupi mgongoni, viungo vya nyuma vilivyo karibu na ardhi, anayesimama na kugeuka kwa matako. Tena ni jike, na wachezaji wengi wanawapendelea majike kwa wepesi wao wa kuelewa. Kama ningekuwa nanunua kwa ajili ya mchezaji wa Gilgil au wa Nairobi, mazungumzo yangeishia hapo.

*Dresaji.* Huu ni mchezo wa farasi kufanya miendo ya mpangilio kwa ishara ndogo za mpandaji. Hapa mpangilio wa watatu hawa unageuka. Inahitajika shingo inayotoka juu kifuani, mwili unaopanda kutoka nyuma kwenda mbele, na miendo mitatu iliyo safi. Mkimbiaji anaongoza kwa mbali. Wa kijivu ana shingo nzuri lakini hupenda kuiinua na kuutupa mgongo chini, jambo la kawaida kwa Waarabu, linalorekebishika kwa kazi ya polepole. Chotara atafanya hatua za msingi vizuri na kuishia hapo.

*Safari ndefu.* Kama ni ukoo tu, Mwarabu angeshinda kabla hatujatoka garini. Katika mashindano ya ustahimilivu, yanayofika kilomita 160 kwa siku, ukoo wake ndio unaotawala duniani. Wenzetu wanaoishi Imarati na Oman wanajua jinsi farasi hao wanavyothaminiwa kule. Mwili wao unapoa upesi, na kwenye vituo vya ukaguzi mapigo ya moyo yanatakiwa kushuka hadi 64 kwa dakika ndipo farasi aruhusiwe kuendelea. Tulimpima wa kijivu baada ya shoti, sikio kwenye kisikilizio cha moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto: alishuka chini ya 64 kabla ya wote. Moyo anao. Mguu hana. Kilomita 40 kwenye ardhi laini kwa mtu mwepesi, ndiyo. Kilomita 100 kwenye mawe, ukwato ukijisokota kila hatua, kwangu ni ukatili. Chotara, ambaye hakuna atakayemtaja unapozungumzia mchezo huu, ana miguu na kwato za kwenda mbali zaidi yake, hata kama moyo wake ulichelewa kutulia.

Na kwa kutembea porini na kupeleka wageni kuona wanyama, wa kijivu angekuwa furaha. Kuna mtu anayemfaa. Nilimwambia muuzaji hivyo, na nikamwomba amwonyeshe kila mnunuzi goti lile waziwazi.

Uzito wa mpandaji na daktari

Kanuni tunayoifuata ni kwamba mpandaji na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Binti ana kilo 48, tandiko na vifaa kilo 8, jumla 56. Chotara wa kilo 380 anaruhusiwa 76. Hata binti akirefuka, na kwa miguu ile atarefuka, nafasi ipo.

Usilipe kabla daktari wa mifugo hajamwona. Akunje kila kiungo kama dakika moja kisha farasi akimbizwe matiti papo hapo. Apige picha za eksirei za magoti na kwato ikiwa bei ni kubwa au kazi itakuwa ya kuruka. Achukue damu kupima homa ya kupe. Na uulize kadi ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na visubi vya usiku. Virusi vyake viko vya aina 9, na farasi aliyekingwa dhidi ya aina moja anaweza kuuawa na nyingine. Ukimhamisha farasi kutoka nyanda za juu kama Njoro kwenda mahali pa chini penye joto, mweke ndani kuanzia kabla ya machweo hadi jua litoke vizuri. Chotara alikuwa na kadi iliyojazwa. Ya Mkimbiaji ilikuwa imepitwa na wakati.

Tulivyoamua

Njiani kurudi mama alikaa kimya hadi Nakuru. Kisha akauliza kama mguu wa wa kijivu hauwezi kunyooshwa. Nikamweleza kwamba mwanafarasi wa wiki chache au miezi michache huweza kusaidiwa na fundi wa kwato na daktari, wakati mifupa bado inakua, lakini akifika miaka mitatu na nusu ukijaribu kuunyoosha ukwato unahamishia tu maumivu juu. Akashusha pumzi. Binti, aliyekuwa nyuma, akasema, "Mama, yule mwekundu alinifuata hadi getini."

Ni kweli, nilimwona. Hakuvutwa na kamba.

Daktari alimpitisha Chotara siku ya Alhamisi iliyofuata. Tumekubaliana mwaka wa kwanza uwe hivi: miezi mitatu ya kutembezwa kwa kamba ndefu na kuzoea tandiko, kisha dakika 20 za kupandwa, siku nne kwa wiki, nyingi zikiwa za mwendo wa kawaida kwenye vilima. Magogo yatawekwa chini tu, avuke kwa kutembea na kwa matiti, ajifunze kuhesabu hatua zake mwenyewe. Binti ameuliza lini ataruka. Nimempa kazi ya kumfungua mdomo kila mwezi, na siku atakayoona meno ya pembeni ya kudumu yanachomoza kwenye fizi, anipigie simu.